Baridi Hupita Pembeni: Kuziba Vioo vya Kebini ya Kempavani

Funga kava zote za kebini, yaani vifuniko vya vioo vya sehemu ya dereva ya kempavani (gari la kulalia safarini), mchana kweupe, zima kila taa, kaa kitandani dakika tano macho yazoee giza. Mistari ya mwanga itajitokeza yenyewe: mmoja chini ya kioo cha mbele, karibu na dashibodi, mwingine kandokando ya nguzo za pembeni mwa kioo hicho, vidoa viwili vitatu kuzunguka kioo cha kutazamia nyuma, na pembetatu ndogo mbele ya kila mlango, pale ambapo kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma kimefungiwa. Hiyo ndiyo ramani ya usiku wako. Panapopita mwanga, mara nyingi na hewa inapita, na hewa ikishapita, unene wa kava hauna la kusema.

Naanza na hilo kwa sababu karibu kila anayetaka kulala kwenye giza na joto ndani ya kempavani huanza na swali la unene: milimita 10 au 20, tabaka tano au saba. Methali ya ufa na ukuta huku imepinduliwa. Watu hujenga ukuta kwanza, tena ukuta mnene, na ufa wakauacha vilevile.

Hesabu ya kioo

Sehemu ya nyuma ya kempavani kwa kawaida imeshapata kihami (tabaka la kuzuia joto lisipotee) kwenye kuta, paa na sakafu. Kebini imebaki kama ilivyotoka kiwandani. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Utando huo upo ili kioo kisitawanyike kikipasuka, na kwa upande wa joto msaada wake ni mdogo mno. Vioo vya milango ni kipande kimoja tu. Kioo cha namna hiyo hupoteza joto la takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje.

Chukua gari lenye kioo cha mbele cha mita za mraba 1.4 na vioo vya milango vyenye jumla ya 0.9. Ndani ni nyuzi joto 18, nje ni 2 chini ya sifuri. Zidisha 2.3 kwa 5.7 kwa 20, unapata wati 262 zinazotoka kwa vioo peke yake, usiku kucha. Sasa weka sponji ya milimita 10 yenye nafasi ndogo ya hewa tulivu kati yake na kioo, kingo zote zikiwa zimeziba. Upotevu unashuka hadi kama wati 80. Ongeza milimita 10 nyingine: unafika kwenye wati 53 hivi. Sentimita ya kwanza imeokoa wati 180. Ya pili haikufikisha hata 30, lakini imefanya kava iwe ngumu kukunja, nzito kushikilia, na kubwa kiasi kwamba haina pa kuwekwa mchana.

Hesabu hiyo ina sharti moja: kingo ziwe zimeziba. Zisipoziba mambo yanageuka. Hewa iliyo kati ya kava na kioo inapoa, inakuwa nzito, inashuka, inatokea chini juu ya dashibodi na kuangukia miguuni. Juu, hewa ya chumba yenye joto inavutwa kujaza nafasi. Ni mfano wa bomba la moshi lililopinduliwa, na halipumziki mpaka asubuhi. Pengo la sentimita 1 lenye upana wa mita 1.4, hewa ikipita kwa mwendo wa sentimita 20 tu kwa sekunde, ni lita 2.8 kila sekunde: mita za ujazo 10 kwa saa. Hiyo inakaribia hewa yote ya ndani ya gari la ukubwa wa kati, ikipelekwa kila saa kwenda kupozwa kwenye kioo. Mtu aliyelala anausikia mkondo huo shingoni, kisha asubuhi anasema sponji ilikuwa nyembamba.

Kioo kinapotokwa jasho

Kava ya ndani ina tabia moja ambayo wengi huishangaa: ikifanya kazi yake vizuri, kioo kinazidi kuwa baridi. Kabla ya kava, joto la chumba lilikuwa linakipasha. Sasa kimekatwa na chumba na kimebaki kwenye baridi ya nje. Hewa ya ndani yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 10 au pungufu. Kioo kilicho nyuma ya kava usiku wa baridi kiko chini sana ya hapo.

Kwa hiyo maji yatakuwepo ikiwa hewa ya chumba inafika. Turudi kwenye lile pengo la sentimita 1. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo imebeba gramu 9 hivi za mvuke. Ikipozwa hadi nyuzi 2 inaweza kubaki na gramu zipatazo 5.5 tu. Gramu tatu na ushei zinaachwa kwenye kioo. Kwa mita za ujazo 10 kwa saa, kwa saa nane, unaweza kufika robo lita ya maji yanayotiririka kuelekea dashibodi, ambako kuna matundu ya hewa, spika na nyaya. Pengo likipungua hadi milimita moja mbili hapa na pale, maji yanabaki kuwa ukungu mwembamba ambao kitambaa kimoja kinaumaliza.

Chanzo cha mvuke chenyewe hakikwepeki. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na ngozi karibu nusu lita au zaidi. Jiko la gesi ndilo baya kuliko: kilo 1 ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo 1.5 za maji. Ukipika huku kava zimefungwa, fungua tundu la paa. Na hapa niseme wazi, maana kuna watu wakishaonja raha ya kuziba hawajui pa kukomea: matundu ya kudumu ya hewa ya sakafuni na paani hayagusiwi, na king'ora cha kaboni monoksidi (gesi ya sumu) kiwepo na betri yake iwe hai. Tunaziba vioo, hatuzibi gari.

Jua

Mchana kazi inageuka. Jua kali huleta karibu wati 1000 kwa kila mita ya mraba inayolielekea moja kwa moja, na kioo kinaruhusu sehemu kubwa ya nguvu hiyo kuingia. Ikishapiga dashibodi nyeusi inageuka joto la kawaida, lile la mionzi mirefu, ambalo kioo hakiliruhusu kutoka. Ndiyo maana dashibodi hufika nyuzi 70 bila shida.

Kava ya ndani inaweza kusaidia kwa njia moja tu: kuurudisha mwanga nje ukiwa bado ni mwanga. Uso wake unaotazama kioo ukiwa wa fedha au mweupe, sehemu kubwa inarudi. Ukiwa mweusi, kava inakuwa ndiyo dashibodi mpya. Inachemka na kupasha chumba kutoka pale pale kwenye kioo. Tatizo la fedha ni kwamba inatangaza kwa kila mpita njia kwamba humu kuna mtu amelala. Nyeusi inaonekana kama kioo chenye tinti. Anayelala maeneo ya mjini usiku na kuondoka alfajiri hana sababu ya kutaka fedha. Anayeegesha mchana kutwa juani hana sababu ya kutaka nyeusi. Kijivu hafifu ni suluhu ya wasioweza kuchagua, na si mbaya, ila haifanyi kazi yoyote kati ya hizo mbili kwa ukamilifu.

Jambo la tahadhari: madirisha ya sehemu ya nyuma, yale ya plastiki ya akriliki yenye tabaka mbili, si kioo. Ukiyabana na kava ya kuakisi kwa ndani kwenye jua kali, joto linalonaswa katikati linaweza kuyapinda au kuyatia nyufa ndogondogo. Acha sehemu wazi hewa ipite, au funika kwa nje.

Vitu vya kununua, na visivyo na maana

Hewa tulivu ndiyo kihami, vingine vyote ni mbinu za kuizuia isitembee. Sponji ya polithini yenye vinyweleo vilivyofungwa, ile isiyonywa maji, na pamba ya polyesta inayojazwa kwenye makoti, zinakaribiana sana katika kuzuia joto. Tofauti yao iko kwenye maji na umbo. Sponji hainyonyi na inasimama yenyewe, lakini haipendi kukunjwa mara mia. Pamba inakunjika kama blanketi, lakini ikibanwa inapoteza unene, na kwa hiyo kazi, na ikilowa inakawia kukauka. Kwa kioo cha mbele ninachagua sponji ya milimita 10. Kwa pazia, pamba.

Foili yenye mapovu inastahili maelezo yake yenyewe, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa sifa nyingi kuliko uwezo. Uso wa alumini unaong'aa hutoa na kupokea mionzi ya joto kidogo sana, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Lakini mionzi inahitaji nafasi. Foili ikigusa kioo, joto linapita kwa kugusana, na alumini ni miongoni mwa metali zinazopitisha joto upesi kabisa. Kinachobaki kukusaidia ni yale mapovu ya hewa ya milimita kadhaa. Ikiwa unataka foili ifanye kazi, iachie milimita 15 hadi 20 za hewa upande mmoja. Kioo cha mbele kimelala, kava inakiegemea, hivyo nafasi hiyo haiji yenyewe. Gundisha vipande vya sponji vya sentimita 3 kwa 3, unene milimita 15, kila baada ya sentimita 25 upande wa kioo. Vitaiinua.

Kwa giza, kitambaa cheusi cha kawaida hakitoshi. Kiinue mbele ya taa ya simu: ukiona nukta, acha. Kitambaa cha mapazia ya kuzuia mwanga, chenye utando wa akriliki mgongoni, kinafunga kabisa na hakiongezi uzito wa maana. Upande wa chumba weka felti nyembamba au pamba laini kwa ajili ya macho na mkono. Lakini felti isifike ukingo wa chini. Sentimita 5 za mwisho ziwe kitambaa kisichonywa maji, la sivyo felti itanyonya maji ya kioo kama utambi wa taa na kuyapandisha juu, na baada ya wiki mbili utanusa kuvu.

Kwa ukingo tafuta kamba ya mpira wa sponji, ya mviringo, kipenyo cha milimita 10 hadi 12, vinyweleo vimefungwa. Mita 5 zinatosha kioo cha mbele cha gari kubwa, na mita 2.5 kwa kila mlango. Hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho ambacho kava nyingi za dukani hazina.

Kiolezo

Usipime kioo cha mbele kwa futi ya utepe na kudhani umemaliza. Kimejipinda pande mbili na dashibodi haifuati mstari wake. Chukua karatasi ngumu ya kufungia vifurushi, au nailoni nene inayoonyesha, ibandike kwa ndani kwa gundi ya karatasi isiyoacha alama. Chora mistari miwili. Wa kwanza ni mwisho wa kioo chenyewe, pale kinapoingia kwenye plastiki ya nguzo. Wa pili uko nje ya huo: pale ambapo ukingo wa kava utakandamiza, yaani kwenye plastiki ya nguzo, kitambaa cha dari na uso wa dashibodi. Kava nyingi hukatwa kwa mstari wa kwanza. Kava inayoziba hukatwa kwa wa pili.

Mstari wa pili uongezee milimita 15 pande zote. Ni rahisi kupunguza. Andika "juu", "ndani" na "kushoto" kabla ya kubandua, maana kiolezo kikishalala mezani kila upande hufanana na mwingine. Wala usikunje katikati na kukata nusu mbili kwa pamoja: kioo chenyewe kinaweza kuwa na pande sawa, lakini dashibodi ina kilima upande wa dereva, juu ya mita za mwendo, na kilima hicho ndicho kinacholeta mstari mrefu kuliko yote wa mwanga.

Kisha kata nakala ya majaribio kwa mkeka wa bei rahisi wa sponji au kwa kadibodi laini. Ipachike, shusha vizuia jua viishikilie juu, fanya lile jaribio la giza. Sahihisha kiolezo hapo, si kwenye kitambaa kizuri.

Kitovu cha kioo cha kutazamia nyuma, pamoja na kile kibanda cha kamera na kihisi cha mvua, ndicho fumbo. Kukata tundu la duara hakutasaidia kwa sababu kava haina pa kuingilia. Kata mwanya kutoka ukingo wa juu hadi kwenye tundu, upana wa milimita 5 tu, kisha shona ulimi wa kitambaa wa sentimita 8 unaofunika mwanya na kushikwa kwa velkro (utepe wa kushikana na kubanduka) upande wa chumba. Tundu lenyewe liwe dogo kuliko kibanda kwa milimita 5 kila upande, na sponji ya eneo hilo ipunguzwe hadi milimita 5 ili inyumbulike. Usiiache kava isukume kamera. Kitu kinachokandamiza hapo kila usiku hakina faida yoyote kwa mfumo unaotegemea kamera kutazama mahali palepale.

Kushona

Mpangilio kutoka kwenye kioo kuja ndani: kitambaa cha nje kisichonywa maji, sponji, kitambaa cha kuzuia mwanga, halafu felti ukipenda. Gundi za kupuliza hazishiki polithini kwa muda mrefu. Zitaonekana zimeshika siku ya kwanza, na jua la wiki moja litazibandua. Gundi ya moto ya bunduki nayo inalegea kwenye joto linalopatikana nyuma ya kioo. Kinachobaki kuaminika ni uzi.

Tumia sindano namba 100 au 110, uzi wa polyesta, na urefu wa mshono milimita 4. Mshono mfupi unatoboa sponji kama stempu na kuifanya ichanike kwa mstari. Mguu wa cherehani ukikwama juu ya sponji, weka ukanda wa karatasi nyembamba juu na chini, shona pamoja nao, kisha uchane karatasi. Kila tundu la sindano ni nukta ya mwanga, kwa hiyo usishone mistari ya katikati kupita tabaka zote. Ishike sponji na kitambaa cha nje kwa mishono michache, na kitambaa cha kuzuia mwanga kishonwe pembezoni pekee, kikining'inia huru juu ya mishono hiyo. Nukta zote zinapotea.

Kamba ya mpira ifungwe ndani ya utepe wa kitambaa kinachonyumbulika, utepe wenye upana wa sentimita 5, kisha ushonwe kuzunguka kava yote ili kamba ikae nje kabisa ya sponji. Ukisukuma kava mahali pake, kamba inajibana kwenye plastiki kama mpira wa mlango wa jokofu. Kwenye kona punguza mkazo: kata utepe vipande vidogo vya umbo la V, la sivyo kona itajikunja kuelekea chumbani na kuacha tundu la kidole. Tundu la kidole kwenye kona ya chini ndilo lenye athari kubwa kuliko yote, kwa kuwa hewa baridi hujikusanya hapo kabla ya kutoka.

Ikiwa kava nzima haina pa kuwekwa, igawe mbili katikati na sehemu moja ipande juu ya nyingine kwa sentimita 5, velkro urefu wote. Velkro ya vipande vipande inaokoa senti na kurudisha mwanga.

Kushikilia

Vifyonzi vya mpira, vile vikombe vya kunata kwenye kioo, vina sifa mbaya, na vimeipata kihalali. Vinaanguka kwa sababu tatu: kioo kina mafuta ya vidole, mpira umekuwa mgumu kwa baridi, au umande umeingia chini yake. Safisha kioo kwa spiriti, pasha kifyonzi kwa kiganja, kipachike kabla hewa ya ndani haijajaa unyevu. Sita hadi nane vinatosha kioo cha mbele. Hata hivyo kazi yao ni kushika tumbo la kava tu. Ukingo unashikwa na kukandamiza: vizuia jua juu, dashibodi chini, na nguzo pande mbili. Kava iliyokatwa kubwa kwa milimita 15 itasimama hata vifyonzi viwili vikianguka usiku. Kama juu kunalegea, pitisha ufito wa faiba wa milimita 4, kama ule wa hema dogo, kwenye mfereji ulioshonwa ukingo wa juu. Utaupinda kidogo kuuingiza, nao utasukuma kurudi.

Kwenye milango sumaku ndizo zenye raha, mradi kuna chuma. Jaribu kwanza kwa sumaku moja: fremu nyingi za milango zina chuma kilichopakwa rangi kuzunguka kioo, lakini nyingine zimefunikwa plastiki nzima, na milango ya alumini haishiki kitu. Sumaku za neodimiamu, diski za milimita 15 kwa 2 au 3, kila baada ya sentimita 10 hadi 12, zikiwa ndani ya vifuko vilivyoshonwa kwenye ukingo. Kitambaa kilichopo kati ya sumaku na chuma kiwe chembamba, maana nguvu inashuka upesi kwa kila milimita. Zile za daraja la kawaida zikipita nyuzi 80 hupoteza sehemu ya nguvu, na hairudi. Usiziache kava zikitanda juu ya dashibodi juani. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asizibebe kifuani.

Kava ya mlango ikae kwenye fremu ya mlango wenyewe, si kwenye ukingo wa bodi, ili mlango ufunguke bila kuivuta. Ifikishe sentimita 3 chini ya mstari wa kioo, ipite juu ya mpira unaofuta kioo, kwa sababu hewa baridi ya ndani ya mlango hutokea hapo. Ile pembetatu ya mbele haina chuma wala nafasi. Kata kipande chake cha sponji peke yake, kikubwa kuliko tundu kwa milimita 5, ukisukume kama kizibo.

Kisicho kioo

Ukishaziba vioo vizuri utagundua baridi bado ipo miguuni, na utailaumu kava bure. Dashibodi ina mlango wa kuingizia hewa ya nje. Kabla ya kuzima injini, weka kitufe cha hewa kwenye mzunguko wa ndani. Magari mengine hukirudisha yenyewe yakizimwa, na hapo utahitaji kuziba matundu ya dashibodi kwa vipande vya sponji. Milango ya mbele ni bati mbili na utupu katikati. Sakafu ya kebini ina zulia jembamba. Vidato vya mlango ni bati tupu.

Kwa hiyo yafaa kuuliza kama unahitaji kebini usiku hata kidogo. Ikiwa viti vya mbele havigeuki kuwa sehemu ya sebule, pazia nene nyuma ya viti linaondoa kebini nzima kwenye hesabu: vioo, milango, dashibodi na sakafu yake. Liwe na pamba ya milimita 20, lipite sakafu kwa sentimita 5 ili lilale chini, liwe na uzito pindoni kama mnyororo mwembamba, na lipande kwenye kuta kwa sentimita 10 kila upande kwa velkro au sumaku. Juu lifungwe kwa reli au velkro mfululizo. Ringi kwenye waya huacha mawimbi, na kila wimbi ni mlango. Kwa baridi kali ninaweka pazia pamoja na kava nyepesi za vioo. Kava nene bila pazia ni chaguo la mwenye viti vinavyozunguka.

Dosari ya pazia ni kwamba kebini inakuwa baridi kama nje na vioo vyake vitalowa au kuganda kwa ndani ikiwa mvuke unapenya. Pia ukihitaji kuondoka ghafla usiku, utakuta kioo cheupe kwa barafu.

Kava ya nje

Kwa joto peke yake, kava ya nje inaishinda ya ndani. Jua linasimamishwa kabla ya kufika kwenye kioo, na usiku kioo kinabaki upande wa joto, hivyo jasho linapungua sana. Inafunika pia sehemu ya juu ya milango na mapengo ya mpira. Ubaya wake uko kwenye matumizi. Unatoka mvuani kuifunga. Upepo ukiingia chini inapiga kama tanga na kusugua rangi, kwa hiyo vumbi lifutwe kwanza. Ikilowa ina uzito, na haina pa kukaukia ndani ya gari ambalo tayari linapigana na unyevu. Kitambaa kilicholowa kinaweza kugandamana na kioo kwenye baridi. Kibandue baada ya kupasha kioo kwa ndani, usikivute. Na huwezi kuwasha gari na kuondoka bila kushuka. Anayekaa mahali pamoja kwa wiki ataipenda. Anayehama kila siku ataiacha kwenye boksi.

Kupima na asubuhi

Jaribio la giza linaonyesha karibu kila kitu, lakini lina udanganyifu wa aina mbili. Nukta za mshono hupitisha mwanga bila hewa. Na kitambaa kilichopandiana bila kubanwa huzuia mwanga huku hewa ikipita katikati bila shida. Kwa hiyo usiku wa baridi, hita ikiwa imewaka nusu saa, pitisha kijiti cha udi taratibu kandokando ya kava, ukianzia chini. Moshi ukivutwa kuelekea kioo juu na kusukumwa kuja kwako chini, umelipata lile bomba. Kipimajoto cha miale kinafaa kulinganisha sehemu na sehemu, ila usikielekeze kwenye foili: inaakisi joto lako mwenyewe na kukupa namba ya uongo. Bandika kipande cha utepe mweusi, subiri dakika chache, pima hapo.

Asubuhi toa kava ya mlango wa dereva kwanza, fungua kioo kidogo, ndipo utoe ya mbele, ukiikunja kutoka juu ili maji ya ukingo wa chini yasimwagikie dashibodi. Futa kioo. Geuza kava, upande wa nje ukitazama hewa, mpaka ikauke ndipo uikunje. Na kama ni lazima uondoke ikiwa imelowa, isikae ndani ya mfuko hadi jioni. Kava za milango ziweke zikiwa zimetazamana, sumaku kwa sumaku. Zitashikana zenyewe na hazitahitaji kamba.